Sarafu ya Tatu

Lenzi ilianguka. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua baadhi yenu mmenisema vibaya wiki nzima. Haya, nimerudi. Acheni lawama.

Ilianguka kutoka kwenye jicho la Mama Lenzi, ikagonga meza, ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha yule dereva wa lori aliyeleta sarafu. Dereva akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akairudisha mezani.

“Vipi mama, mbona umebadilika hivyo? Ni feki?”

Mama Lenzi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama abiria aliyesimama gari linapokata kona.

“Si feki,” alisema mwishowe. “Ni halali kabisa.”

“Afadhali! Basi toa neno lako nikamwambie dalali. Ni kosa la kiwandani, si ndiyo? Ona maandishi yalivyokwenda kinyumenyume. Dalali ameniambia, Mama Lenzi akisema ni kosa la kiwandani, basi limekuwa kosa la kiwandani. Hakuna mwingine wa kuulizwa.”

Wewe uliyeanza kutusoma leo, sogea nikunong’oneze, wengine wavumilie kidogo. Mama Lenzi hana mtoto. Jina hilo walimpachika wafanyabiashara wa vitu vikuukuu kwa sababu ya kile kioo anachokibana jichoni, wakacheka wakasema huyo ndiye mwanawe wa pekee. Naye akacheka nao, akaenda zake nyumbani. Kazi yake anaifanyia katika chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa. Analetewa sarafu za zamani zenye kasoro, naye anaamua jambo moja tu: kasoro hiyo sarafu ilizaliwa nayo kiwandani, au iliumizwa baadaye huko mitaani? Za kwanza watu wanazigombania. Za pili hakuna anayezitaka.

Chumba chenyewe kina meza, taa ya kukunja shingo, kiti chake na kiti cha mteja. Kikombe kimoja. Siku za mapumziko, watu wakiwa na watu wao, yeye anafungua kazini kama kawaida. Akimaliza kuipima sarafu huiambia, “Haya, kalale,” akairudisha kwenye mfuko wake. Fundi Saa humsikia kupitia ukutani, akadhani ana mgeni.

Turudi kwa dereva.

“Kaa chini,” Mama Lenzi alimwambia. “Angalia mwenyewe. Kule kiwandani, sarafu inaweza kunasa kwenye chapa, kile chuma kinachogonga picha. Inayofuata ikiingia, inagongwa na mwenzake badala ya kugongwa na chapa. Inatoka na picha iliyozama, tena ya kinyume. Lakini picha hiyo inakuwa kamili, na mgongo wa sarafu unakuwa mzima. Geuza hii. Unaona mgongo wake?”

“Umebonyea.”

“Na hivi vimistari?”

“Kama meno.”

“Ni meno. Ya jiliwa, kile chuma cha mafundi cha kubania vitu. Mtu amechukua sarafu mbili, akazilaza uso kwa uso, akazibana kwenye jiliwa mpaka zikaachiana alama. Hili si kosa la kiwandani. Ni jeraha.”

Dereva akashusha mabega. “Kwa hiyo haina thamani.”

“Haina,” alisema Mama Lenzi. “Haina thamani yoyote kwa mtu yeyote. Umeipata wapi?”

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sikuwaambia wiki iliyopita. Makusudi. Mama Lenzi hakujua tu kwamba sarafu ile ilibanwa. Alijua ni mikono gani iliyoibana, maana miwili kati ya hiyo ilikuwa yake.

Walikuwa watoto wawili, yeye na mdogo wake wa kiume. Baba yao alikuwa fundi wa kufuli na funguo, na yule mdogo alikuwa akitembea na vifuli vibovu mfukoni, ndiyo maana wakamwita Kifuli. Mama alitangulia, baba akafuata. Baada ya mazishi wakubwa walikaa sebuleni wakagawana: msichana aende kwa mama mkubwa, mvulana achukuliwe na baba mdogo, mbali huko. Wenyewe hakuna aliyewauliza.

Asubuhi ya kuondoka, wakati mizigo inafungwa, watoto wale walipenya kwenye karakana ya baba. Dada akatoa sarafu mbili za shaba, akazilaza pamoja, akaziweka kwenye jiliwa. Kifuli akaning’inia kwenye mpini mpaka miguu ikaacha kugusa sakafu.

“Bana tena.”

“Zitavunjika, dada.”

“Hazivunjiki. Bana.”

Zilipotoka, kila moja ilikuwa na alama ya mwenzake. Dada akamwambia, “Tukikutana wazee, hata tukisahauliana sura, tutazilinganisha hizi.” Mtoto akaificha yake kwenye soksi. Baada ya hapo baba mdogo akahama, akahama tena, habari zikapotea. Hawajaonana mpaka leo hii ninapowaandikia.

Mnadhani kwa nini mwanamke huyu alijifunza kazi hii ya ajabu? Watu wanasema ana mapenzi na makosa ya kiwandani. Wapi! Makosa ya kiwandani aliyajifunza ili ajue kuyaweka pembeni. Alianza ujanani kuzungukia masoko ya vitu vikuukuu akiuliza, “Hamna sarafu yenye maandishi ya kinyume?” Akaona hatazifikia zote. Basi akajifanya mtu ambaye sarafu za namna hiyo zinamfuata mwenyewe. Nywele zimeota mvi akiwa kwenye kiti kilekile, akifungua mfuko baada ya mfuko, akitafuta jeraha moja tu.

Na sasa liko mezani.

“Nimekuuliza, umeipata wapi?”

“Ya marehemu baba,” dereva alijibu bila kufikiri. “Ni urithi.”

“Marehemu?”

“Amefariki miaka sita sasa. Aliipenda sana hii, mama, hakumwachia mtu. Tangu tumzike imefungiwa kwenye kasha. Nimeitoa mwezi huu tu.”

Mama Lenzi alimtazama yule mwanamume, mabega yake, nyusi zake, namna alivyoshika kofia magotini. Alikuwa anatafuta kitu cha kwao usoni pale.

“Baba yako,” alisema taratibu, “alikuwa fundi funguo?”

Dereva akashtuka hasa. “Ndi… ndiyo. Umejuaje?”

Basi. Hilo lilimtosha. Mama Lenzi aliinuka, akazunguka meza, akamshika dereva kichwa kwa mikono miwili.

“Mimi ni shangazi yako,” alisema, na kilio kikamtoka.

Nawaomba mumwonee huruma kidogo dereva hapo. Amekuja kuuza sarafu, amepewa shangazi. Angeweza kusema neno moja likaisha. Mdomo aliufungua, nawahakikishia. Kilichotoka ni, “Pole, shangazi.”

Fundi Saa alisikia kilio, akaja mbio na bisibisi yake mkononi.

“Kuna nini huku? Nani amekufa?”

“Mdogo wangu.”

“Una mdogo wako wewe?” Fundi Saa alishangaa. Miaka yote hiyo wamegawana ukuta mmoja. “Mbona hujawahi kumtaja?”

“Sina,” alisema Mama Lenzi. “Amekufa miaka sita.”

Fundi Saa ana maneno mengi kuliko saa zake, lakini hapo aligeuka tu, akarudi kwake kutengeneza chai. Ilibidi alete na vikombe.

Mama Lenzi akakaa na msiba wake. Kilichomuuma hakikuwa kifo peke yake. Kilimuuma kwamba siku ile mdogo wake anazikwa, yeye alikuwa pale kwenye kiti, anapima sarafu za watu, pengine anacheka na dalali. Hakusikia lolote. Kila mwaka alikuwa akimwongezea umri kichwani, leo ametimiza hivi, sasa bila shaka ana upara kama wa baba, na miaka sita ya mwisho alikuwa anamwongezea umri maiti.

“Alizungumza habari zangu?” aliuliza.

“Ee… mara kwa mara, shangazi.”

“Alisema nini?”

“Kwamba… kwamba wewe ni dada yake.”

Mama Lenzi akafuta macho. Akavuta sarafu karibu na taa, akabana lenzi jichoni. Hakuwa anatafuta kitu tena. Alitaka tu kuiona vizuri kabla hajaiambia ikalale.

Akaitazama. Akaigeuza kidogo. Akasogeza taa.

Akasahau kulia.

Pamoja na maandishi ya kinyume aliyoyajua tangu utotoni palikuwa na mengine. Yalipita juu ya yale ya kwanza, yamekwenda upande kidogo, kama nguo iliyopigwa pasi ikatokea mikunjo miwili. Ndani ya mitaro ya zamani shaba ilikuwa nyeusinyeusi, rangi moja na mwili wote wa sarafu. Ndani ya hii mingine ilikuwa nyekundu, inang’aa.

“Umesema tangu azikwe ilikuwa wapi?”

“Kwenye kasha.”

“Imefungiwa?”

“Imefungiwa, shangazi.”

“Usiniite shangazi. Fundi! Hebu funga mlango.”

Fundi Saa alikuwa anaingia na sinia. Akaufunga mlango kwa kisigino, akabaki kasimama na chai yake.

“Sikiliza, kijana,” alisema Mama Lenzi, na sauti ile haikuwa ya mfiwa tena. “Shaba ukiikwaruza leo, inang’aa. Ikikaa miaka, ule mkwaruzo unajifunika, unakuwa rangi moja na sarafu. Hapa kuna jeraha langu, la utotoni, limeshafunikwa. Juu yake kuna jingine, bado bichi. Hili ni la miezi tu. Baba yako amekufa miaka sita na sarafu imo ndani ya kasha lililofungwa. Sasa nani ameibana tena mwaka huu?”

Dereva akamtazama Fundi Saa, Fundi Saa akauegemea mlango.

“Mama, nisamehe.”

“Nitakusamehe ukisema.”

“Si ya baba. Baba yangu mimi hata sura simjui. Wauzaji wote tunasema ni urithi, ukisema urithi bei inachangamka. Sikujua mtu atalia.”

“Na fundi funguo?”

“Huyo yupo kweli. Ndiye mwenye sarafu. Ndiyo maana ulivyomtaja nikashtuka, nikadhani unapiga ramli.”

Mama Lenzi alishika kifua. “Yupo? Unasema yupo? Anapumua?”

“Anapumua sana tu. Nimemwacha anagombana na redio.”

Mama Lenzi akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia. Fundi Saa alimwaga chai yote kwenye sinia na hakuna aliyemuuliza.

“Yuko wapi?”

“Kwenye uwanja wa malori, kule mpakani tunakopanga foleni. Ana kibanda cha kuchonga funguo. Ni mzee wa watu, macho hayaoni vizuri siku hizi.”

“Na sarafu yake imefikaje kwako?”

“Nilipewa na mama mmoja pale. Akasema niiuze mbali, isirudi kule.”

“Mama gani?”

“Mama tu,” alisema dereva, na akaanza kuikunja kofia yake. “Wa palepale.”

Mama Lenzi aliingiza mkono ndani ya kola, akatoa kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa pini. Fundi Saa akageuka kutazama ukuta, kwa adabu. Kutoka humo ikatoka sarafu yake mwenyewe, aliyolala nayo na kuamka nayo maisha yake yote. Akailaza juu ya ile nyingine, akaizungusha polepole. Herufi zikaingia kwenye vishimo vyake, sarafu zikatulia zikagoma kusogea.

Angeweza kufurahi kwa hilo siku nzima. Lakini hayo yalikuwa maandishi ya zamani. Yale mapya, yale mekundu, hayakuwa na mwenzake kwenye sarafu yake. Hayakuwa yamebanwa na sarafu hiyo.

“Kuna sarafu ya tatu,” alisema.

“Nieleweshe mimi wa saa,” alisema Fundi Saa.

“Kuna mtu amechukua ya mdogo wangu, akabana sarafu nyingine juu yake. Ili naye awe nayo inayolingana.”

“Ya kazi gani sasa?”

Mama Lenzi alijua ya kazi gani. Alikataa tu kulitamka.

“Nipe namba ya huyo mzee,” alimwambia dereva.

Simu yake ilikuwa na namba chache, nyingi za madalali. Aliibonyeza namba ile akakosea, akairudia, akakosea tena. Mwisho Fundi Saa akamnyang’anya, akapiga yeye, akaweka spika, akailaza mezani katikati ya vikombe.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

“Fundi funguo hapa! Umefungiwa nje au umefungiwa ndani?”

Ilikuwa sauti ya mzee, yenye kikohozi nyuma yake. Mama Lenzi alikuwa ameitunza sauti ya mtoto. Alihitaji muda kidogo kuizoea hii.

“Kifuli,” alisema.

Upande wa pili redio ilizimwa.

“Nani wewe?”

“Ni mimi. Ni dada yako.”

Mzee hakulia wala hakupiga kelele. Alishusha pumzi, kama mtu aliyebishiwa hodi na wachangishaji walewale.

“Mama, umechelewa. Wenzako walipiga sana zamani. Mmoja alitaka nauli ya kuja, nikatuma, mpaka leo yuko njiani.”

“Kifuli, nisikilize. Ulining’inia kwenye mpini wa jiliwa la baba mpaka miguu ikawa juu. Ukasema zitavunjika. Ukaificha yako kwenye soksi.”

“Ndivyo ilivyokuwa,” mzee alisema kwa upole. “Na ndivyo nilivyomsimulia kila dereva aliyepita hapa. Soksi wanaijua, jiliwa wanalijua, hata jina la Kifuli wananitania nalo. Nilikuwa nawapa hadithi waipeleke mbali, huenda ikamfikia dada. Usinichukie, mama, lakini hakuna la kunithibitishia hapo.”

Mama Lenzi akafumba macho. Kila kitu alichokihifadhi peke yake, mdogo wake alikuwa amekigawa uwanja mzima. Alikigawa kwa kumtafuta yeye.

“Nifanye nini uniamini?”

“Huna haja. Dada yangu nimeshampata.”

Mama Lenzi akaisogelea simu.

“Umempata?”

“Mwaka huu. Kumbe tuko naye uwanja mmoja siku zote, anauza chai hapo mlangoni, mwenyewe anasikia hadithi yangu anaogopa kusema. Akaja na sarafu yake. Tukazilinganisha kwa vidole, maana macho yangu ndiyo hivyo tena. Zikaingiana! Nililia siku hiyo mpaka wateja wakanihurumia.”

“Sarafu yako iko wapi sasa hivi?”

“Amezihifadhi zote mbili.”

“Mwambie azilete uzishike.”

“Mama, jamani—”

“Yako ninayo mimi hapa mkononi! Imebanwa mara mbili, Kifuli. Ile ya kwanza ni yetu. Ya pili imefanywa juzijuzi, huenda kwenye jiliwa lako mwenyewe, hapo kibandani!”

Mzee akakohoa. Mama Lenzi akadhani amempata.

“Hata nikitaka kukusikiliza,” mzee alisema, “nitaonaje mimi? Zungumza na dada mwenyewe. Dada! Kuna mtu hapa, njoo umsaidie.”

Nyayo zikasikika, na mlio wa kikombe kuwekwa chini. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, changamfu: “Ngoja nitoke nje, humu mtandao unakatakata.” Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Malori yakaunguruma kwa mbali. Ilipozungumza tena, ile sauti ilikuwa imeshuka.

“Wewe ndiye.”

“Mimi ndiye,” alisema Mama Lenzi.

“Nilijua utatokea. Kila usafiri ukisimama, naangalia wanaoshuka.”

“Mrudishie simu mdogo wangu, umwambie ukweli.”

“Nimwambie nini? Ulikuwa wapi wewe? Miaka na miaka nauza chai mlangoni pake, ananisimulia wewe. Dada yangu hivi, dada yangu vile. Macho yakaanza kufifia. Akawa anaanguka hapo ngazini, anakaa chini mpaka mteja atokee amwinue. Nikasema huyu anahitaji dada leo, si kesho. Nikachukua sarafu yake, nikambania nyingine. Nimeiba, sikatai.”

“Umeniibia mtu niliyemtafuta tangu utoto.”

“Na mimi je? Mimi mwanangu ni mmoja. Yuko barabarani na lori lake, namwona akikumbuka. Nilikuwa nakula natazamana na ukuta. Unajua hali hiyo wewe?”

Mama Lenzi aliijua. Lakini neno jingine lilikuwa limemgonga. Aliinua macho kutoka kwenye simu, taratibu, akamtazama dereva.

Dereva alikuwa anaangalia viatu vyake. Kofia ameiminya mpaka imekuwa kitambaa tu.

“Sasa jioni kuna mtu ananiuliza kama nimekula,” mwanamke aliendelea. “Usipige tena, dada wa watu. Nakuomba. Amezoea.”

Kwa nyuma, mbali, mlango ulifunguliwa na ile sauti ya mzee ikaita, “Dada! Anasemaje huyo?”

“Ni walewale wa nauli, mdogo wangu!” mwanamke alijibu kwa furaha kabisa. “Nakuja, usiinuke!”

Simu ikakatika.

Mama Lenzi alibaki amekitazama kile kioo cha simu mpaka kikazima. Amesikia mdogo wake akiita dada. Amesubiri kulisikia neno hilo maisha yake yote, na aliyeitika ni mwingine.

“Ni mama yako,” alisema.

“Ni mama yangu,” alisema dereva. “Nilijua hana undugu na yule mzee. Nilidhani ni uongo usiomuumiza mtu, wazee wawili wamepata kufarijiana. Sikujua kama wewe upo kweli. Kule tunadhani ni hadithi yake tu.”

“Lori lako linarudi lini?”

“Leo. Nimeshapakia.”

Mama Lenzi akasimama. Akazifunga sarafu zote mbili kwenye kifuko kimoja, akakirudisha ndani ya kola. Akazima taa. Akachukua mkoba na koti lake nyuma ya mlango.

“Na wateja wako?” aliuliza Fundi Saa. “Niwaambie nini?”

“Waambie nimekwenda kwa mdogo wangu.”

Fundi Saa alitaka kumtania, akaghairi. Akamfungia mkate uliobaki kwenye gazeti, akamkabidhi bila kumtazama. “Mimi ningekupeleka,” alisema. “Tatizo sina hata baiskeli.” Kisha akajifanya ana haraka na saa ya mtu.

Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara, limejaa magunia mpaka juu. Dereva akafungua mlango wa abiria, akauzuia kwa mwili wake. Hakumpisha.

“Nitakupeleka, mama. Nimekudanganya, nimekuliza, lazima nikufikishe. Ila niambie jambo moja kabla sijawasha. Tukifika pale, mzee akishashika hizo sarafu akajua, kibanda kile ndipo mama yangu anapolala. Chumba chake alishakirudisha. Mimi nyumba yangu ndiyo hii unayoiona, ina magurudumu. Sasa mama yangu nimpeleke wapi?”

Mama Lenzi alifungua mdomo amjibu. Dereva akasubiri, mkono kwenye mlango, macho yamemtoka kama mtoto. Nyuma yao gari likapiga honi, likapiga tena, wapishe njia.

Mama Lenzi akampita ubavuni, akapanda hivyohivyo, akafunga mlango.